Mateka Wawili wa Afande Zerbo

Wiki iliyopita mlituacha mimi na mke mwenzangu Nopoko ndani ya basi. Tulikuwa tumekwisha vuka mpaka wa Kodivaa, tumeingia kwetu Bukinafaso, na mfuko wetu wa nguo ulikuwa umeshuka Buwake pamoja na mtu ambaye si sisi.

Kwa wanaoanza leo, msisikitike, hamjakosa raha yoyote. Mimi ni Talato, mke mdogo. Mume wetu alifia kwenye shamba la kakao, tukamzika hukohuko. Haukupita mwezi, Nopoko, mke mkubwa, akavimba tumbo. Daktari akatuambia tumpe kila anachopenda kula. Mtu mzima akisikia hivyo anajua kesi imekwisha.

Nopoko hakutaka chakula. Alitaka kuzikwa kwao Tangaye, kando ya mama yake.

"Na mume wetu je?" nilimuuliza. "Tumwache peke yake kwenye kakao?"

"Nimelala naye miaka arobaini na mitatu," alinijibu. "Inatosha."

Ndivyo tulivyopanda basi Abijan. Siku mbili njiani, vizuizi kumi na kimoja, injini imechemka mara tatu. Nami nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: afike akiwa hai. Mgonjwa husafiri kwa tiketi, lakini maiti husafiri kwa makaratasi, na karatasi ya Nopoko ilikuwa imeoza. Kitambulisho chake kilikwisha muda miaka mitatu nyuma.

Kila kizuizi tuliwalainisha wenyewe kwa noti. Kilainishi cha mwisho kilibaki kwenye kizuizi cha kumi na moja.

Cha kumi na mbili tukakifika saa nne asubuhi.

Kamba imekatiza barabara, pipa huku, pipa kule, na kibanda cha bati. Wote tukashuka. Wenye karatasi nzuri wakasimama kulia, wenye karatasi mbaya kushoto. Nopoko alibebwa na abiria wawili, akalazwa kwenye mkeka upande wa basi wenye kivuli. Mimi nikashika foleni ya kushoto, vitambulisho viwili mkononi, natafuta akili.

Nikainua macho kwenye kifua cha afande.

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita. Siku ile darasa la sita likanisomea herufi tano kwenye kibati cha jina: ZERBO.

Jina la Msamo.

Nikafurahi kama mtu aliyeokota paja la mbuzi njiani. Kwetu sisi Wamosi, Msamo ni mtani wetu tangu mababu. Unamtukana mbele ya mama mkwe wake naye anakushukuru. Unachukua kuku wake na hakushitaki. Na la muhimu zaidi kwa asubuhi ile, mtani hamtozi mtani.

Nilipofika mbele yake sikusalimia.

"Wee mtumwa," nikasema, "nani kakuvisha viatu?"

Bwana mmoja nyuma yangu alirudi hatua mbili, ili risasi ikija isimhusu.

Afande Zerbo alikuwa jitu, tumbo mbele, sharubu kama ufagio. Alivichukua vitambulisho polepole, akasoma changu.

"Wedraogo," akasema. "Ndiyo maana. Nilikuwa najiuliza harufu ya punda inatoka wapi."

"Inatoka mdomoni mwako. Kile kichwa cha mbwa cha jana ulikula peke yako, au ulimbakishia baba yako masikio?"

Akawageukia watu. "Mnamwona Mmosi? Nyumbani hana hata kifaranga. Lakini muulizeni yeye nani. Mtoto wa chifu."

"Chifu aliyekuuza wewe."

"Kwa bei gani?"

"Hukuwa na bei. Mtu alinunua mbuzi, wewe ukawa nyongeza."

Watu wakapasuka. Hata Yaya, dereva wetu, ambaye hakuwa amecheka tangu Abijan, alishika mbavu. Zerbo mwenyewe alijifuta machozi kwa mkono wa shati.

Kisha akafanya kile ambacho mtani yeyote angefanya, na ambacho mimi mwenyewe nimekifanya kwenye harusi na misiba mpaka nimesahau idadi. Akateka. Alivitia vitambulisho vyetu vyote viwili kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Hawa wawili wanabaki," akamwambia Yaya. "Babu yangu aliwanunua, hati iko nyumbani. Watanitwangia mtama mpaka Ijumaa."

Ningekuwa na akili ningesema: asante baba, tumecheka, turudishie, tuna mgonjwa. Lakini mimi nikisikia watu wanacheka sina breki. Nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Bwana wangu," nikasema, "hata yule mke mwenzangu pale mchukue. Yeye ndiye fundi wa kutwanga. Mimi huwa naimba tu."

"Wachukueni," akasema Zerbo. "Wapelekwe kwa bibi yao."

Huku watu wanacheka, Nopoko akabebwa na mkeka wake mpaka kwenye banda la Korotimi, mke wa Zerbo, aliyekuwa akiuza wali na maharage hatua thelathini kutoka kwenye kamba. Akafumbua jicho moja.

"Tumefika?"

"Tumetekwa, dada. Utani tu."

"Lipa, Talato."

"Nilipe kwa nini, kwa meno? Yamebaki manne."

"Mdomo huo," akasema, akafumba lile jicho.

Utekaji wa watani hauzidi robo saa. Mtekaji anadai kitu kidogo, punje ya kola ya kutafuna, wimbo, dua, kisha anawaachia mateka na kuwapa maji. Korotimi aliniambia mumewe hakuwahi kumwacha Mmosi apite hivihivi. Mwezi uliopita alimteka imamu mzima wa kutoka Wahiguya, akamwachia kwa dua ya mvua. Mvua yenyewe haijanyesha.

Sisi alitudai wimbo. Nilikuwa nakohoa kusafisha koo, simu ikalia.

Mwaka ule simu ilikuwa moja, juu ya meza ya mkuu wa kituo. Mkuu akaitika, akatoka mlangoni, akamwambia Zerbo kuna mtu wa kwenda kuchukuliwa mjini, upesi. Zerbo akarukia pikipiki. Alipopita mbele ya banda akatupungia.

"Nikirudi nikute pumba upande mmoja, unga upande mwingine."

Nilicheka mpaka vumbi lake likatulia.

Lilipotulia, nikaukumbuka mfuko wa shati.

Aliyebaki kwenye kamba aliitwa Dabire, koplo mwembamba, uso mkavu kama fomu ambayo haijajazwa.

"Mwanangu," nikamwambia, "vitambulisho vyetu vimo kwenye shati la mwenzako, na basi letu linaondoka. Tuandikie kikaratasi tu."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba tulikuwa tunataniana."

"Bibi, mimi ni Mdagara. Utani wako na Zerbo ni wako na Zerbo."

"Watani wenu nyie ni nani?"

"Wagoin."

"Basi mimi ni Mgoin."

Hakucheka. "Sasa hivi tu ulikuwa mtoto wa chifu wa Wamosi. Foleni nzima imesikia."

Nikaenda kwa mkuu. Mkuu alikuwa mtu wa heshima, alinipa kiti. Akanieleza kwamba akinipa barua bila kukiona kitambulisho, atakuwa amesema uongo kwa mhuri, na mhuri si wake, ni wa serikali. Nikamuuliza kama serikali itakuja kuutazama. Akasema huwezi kujua. Akaniomba nisubiri, Zerbo hachelewi.

Yaya naye alisubiri. Nampa haki yake, alisubiri saa nzima na nusu. Walewale waliocheka ndio walioanza kunung'unika. Mama mmoja mwenye tenga la samaki alisema samaki hawajui utani. Mwingine akasema watu wazima wangejua kuchagua mahali pa michezo. Nilimtazama vizuri; ndiye aliyekuwa amepiga makofi.

Yaya akanijia, funguo mkononi.

"Mama Talato, nikiwapakia bila kitambulisho, kizuizi cha mbele watawashusha porini. Hapa angalau pana wali."

"Nikushukuru kwa wali?"

"Zerbo akirudi, simamisheni gari lolote. Waambieni Yaya ndiye aliyewaleta mpaka hapa."

"Tutawaambia Yaya ndiye aliyetuacha hapa."

Akainamisha kichwa, akaenda. Basi likaondoka na viti vyetu viwili vitupu. Sidhani kama vilipata nafasi ya kupoa.

Korotimi hakuwa mtu mbaya. Alitupakulia wali bila kuombwa.

"Mateka wa mume wangu hawanunui," akasema.

Nopoko alimeza vijiko viwili akarudisha vitatu. Miguu yake ilikuwa imejaa. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki linakutazama. Nilimkanda. Nikamfukuzia nzi kwa ncha ya kitambaa changu cha kichwa. Jua likapanda mpaka kivuli cha banda kikawa chembamba kama utepe, tukawa tunamsogeza nacho.

Katika kumsogeza ndipo nikaona nyuma ya banda. Vijilima vya udongo, safu mbili. Juu ya kila kimoja kopo tupu la nyanya.

"Umepanda nini pale?" nikamuuliza Korotimi.

Akasita, mwiko ukabaki hewani.

"Ni wapita njia, mama. Wanaofia kwenye mabasi na karatasi zao hazifai. Maiti asiye na kitambulisho kizima hapitishwi kamba. Mkuu anawazika siku hiyohiyo, kwa sababu ya joto."

"Na kopo?"

"Ili wachimbaji wasirudie palepale."

"Majina yao?"

"Nani angeyajua?"

Nopoko alikuwa amefumba macho, lakini masikio hayana vifuniko.

"Talato."

"Dada."

"Nisije nikafia hapa."

"Hufii hapa."

"Usinitanie."

"Sikutanii."

"Maisha yako yote umenitania. Nilipojifungua mtoto wa mwisho ulisema anafanana na mbuzi wa jirani."

"Alifanana."

Akatabasamu, au yalikuwa maumivu. Kwa Nopoko mambo hayo mawili siku zote yalitumia uso mmoja.

"Nipeleke kwa mama," akasema. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, asiye na mama tangu enzi za Wafaransa.

Nikaenda kusimama barabarani. Nilikuwa nimeamua nikimwona Zerbo sitamwambia hata neno moja la mzaha. Nitampigia magoti ya kweli. Kila pikipiki iliyotokea mbali ilikuwa ya Zerbo, mpaka ilipokaribia ikawa ya mtu mwingine.

Saa nane na nusu ikaja moja isiyopunguza mwendo mpaka mlangoni pa kituo. Mwendeshaji alikuwa fundi baiskeli wa mjini, mikono yake imejaa grisi na kitu kingine. Hakusalimia mtu. Akaingia kwa mkuu. Nikamfuata mpaka kizingitini, maana sikio langu halikufunzwa adabu.

"Lori la pamba," alikuwa akisema. "Pale penye daraja. Amekwisha, mkuu. Alikuwa anarudi."

"Anarudi vipi? Nilimtuma akachukue mtu. Amemchukua?"

"Hakumchukua. Alifika, akashuka, akajipapasa kifuani. Akasema, 'Lo, nimeondoka na wale bibi zangu.' Akageuza pikipiki palepale. Alikuwa anacheka, mkuu. Tulimwona anaondoka anacheka."

Nikashika fremu ya mlango.

Wasomaji wangu, nimewatania machifu, mapadri, na daktari aliyeshika sindano mkononi. Hakuna aliyepata hata mafua. Huyu amekufa akikimbia kunirudishia vipande viwili vya karatasi, kimoja kimeoza.

Nilirudi bandani kumwambia Korotimi, nikasimama hatua kumi kabla. Alinitazama akajua. Akautua mwiko juu ya kifuniko, taratibu, akaugeuza upande wa pili, akaugeuza tena. Kisha akauliza, "Wapi?"

"Darajani."

"Alikuwa anakwenda au anarudi?"

Ningeweza kudanganya. Ninajua kudanganya kuliko kusali.

"Anarudi," nikasema. "Kwa ajili yetu."

Akaufunika wali, akaenda kusimama barabarani.

Pikapu ya kituo ilimleta saa kumi. Alifunikwa turubai mpaka kidevuni, kofia juu ya kifua. Korotimi alipiga yowe moja refu, likaisha, akapanda nyuma ya gari na kuanza kumfuta vumbi usoni kwa upindo wa kitenge chake.

Dabire ndiye aliyekifungua kile kifungo. Akatoa vitambulisho. Changu kilikuwa kimepinda. Cha Nopoko kilikuwa na damu pembeni. Akakisoma.

"Hiki kimekwisha muda," akasema kwa mazoea.

Kisha akamtazama Zerbo. Akavipangusa vyote viwili kwenye suruali yake, akanikabidhi bila kunitazama.

Mkuu akatangaza kwamba marehemu atazikwa kwao Tugan, na gari linaondoka wakati huohuo, joto haliombwi radhi.

Tugan. Kutoka Tugan hadi Tangaye hata punda kilema anafika. Moyo wangu mwovu ukaruka. Mtu amekufa kwa ajili yangu, nami nahesabu nafasi kwenye gari lake.

Korotimi akanisoma usoni.

"Mtapanda," akasema. "Mama mgonjwa atalala kando yake, pana nafasi. Mtani hamwachi mtani njiani."

"Mungu akulipe, mwanangu."

"Lakini kwanza mumcheze. Hapa hana Mmosi mwingine. Asiondoke kimya kama mwizi."

Hapo ndipo siku yangu ilipoishia.

Mtani hamlilii mtani. Kulia ni kazi ya ndugu. Sisi kazi yetu ni kuvaa kofia ya marehemu, kutembea kama yeye, kumwita mvivu na mlafi, kulizuia jeneza lisipite, kulala kando ya maiti mpaka tulipwe ndipo tuinuke. Watu hucheka huku wanalia, na marehemu huenda akijua hakuna kinyongo nyuma yake. Nimewacheza Wasamo kumi na tisa kwa mikono hii. Mzee mmoja alisema anatamani kufa kesho ili asikie nitakavyomsema.

Nikachukua kofia ya Zerbo, nikaivaa. Ilinishukia mpaka puani. Siku nyingine hilo peke yake lingewaangusha watu. Nikasukuma tumbo mbele. Nikafungua mdomo niseme, "Mtanitwangia mtama."

Hakikutoka kitu.

Watu walikuwa wamejaa, askari, wauza maji, abiria wa basi jingine lililosimamishwa. Wananingoja. Nikaanza upya. Mdomo uliotushusha kwenye basi, siku nilipouhitaji kweli ulikuwa umepigwa komeo.

"Mtukane, mama," Korotimi akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Tafadhali, mama. Mtukane."

"Siwezi, mwanangu. Ni mimi ndiye niliye..."

"Najua ni wewe. Kwa hiyo mtukane."

Nikaivua kofia. Nikataka kumrudishia, mikono ikakosa pa kuiweka.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Nibebeni."

Nopoko alikuwa ameketi. Tangu Abijan hakuwahi kuketi bila mtu wa kumwegemeza, na pale hapakuwa na mtu.

"Dada, lala."

"Ndiko ninakokwenda, kulala. Nibebeni mniweke garini."

Dabire na fundi baiskeli wakambeba. Wakamlaza nyuma ya pikapu, kando ya maiti. Nopoko akageuza kichwa, akamtazama Zerbo kitambo, kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani asiyetaka muuzaji ajue amempenda. Kisha akamsukuma begani kwa kiwiko.

"Sogea, mtumwa," akasema. "Tangu lini mtumwa akalala katikati?"

Kisha Korotimi akacheka. Kicheko kilitoka tumboni, katikati ya njia kikageuka kilio, vikaendelea vyote viwili pamoja.

"Na hili tumbo," Nopoko akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilifika mpaka kwenye kamba. "Langu ni la ugonjwa. Lako la nini?"

"Maharage yangu hayo," Korotimi akajibu, anajifuta pua.

"Umemlisha vibaya, binti yangu. Mtumwa hapewi kijiko cha pili. Asubuhi ananiteka, jioni anakimbia mtama. Mmeona Msamo mvivu kama huyu?"

"Hatujaona," watu wakaitikia.

"Amekufa ili asitwange."

Mkuu wa kituo alijificha uso kwa mkono, mabega yanatikisika. Nopoko akalivuta turubai, akajifunika nusu, nusu akamwachia Zerbo.

"Mimi siinuki," akasema. "Anilipe."

Watu wakashangilia. Mimi nilisimama na kofia ya mtu mkononi. Miaka arobaini na mmoja mchekeshaji wa nyumba ni mimi, na yule mwanamke anatwanga mtama kimya jikoni kwake, kumbe anasikiliza.

Desturi ikafuatwa. Korotimi akaleta bakuli la karanga, akaliweka kando ya kichwa cha Nopoko.

"Haya mama, umeshinda. Pokea."

Nopoko hakupokea.

"Karanga amezikataa," askari mmoja akasema. "Huyu anataka kuku."

Kuku akaletwa, amefungwa miguu, akawekwa juu ya turubai. Akapigapiga mabawa karibu na uso wa Nopoko. Watu wakacheka zaidi.

"Bibi mgumu huyu," akasema mkuu. "Atatumalizia mifugo."

Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote, na nilikuwa nautazama ukingo wa turubai pale ulipopita juu ya kifua chake, haupandi wala haushuki.

"Dada," nikasema kwa sauti ya chini. "Wamekupa kuku. Inuka."

Dereva akawasha gari. Korotimi akapanda mbele. Nikajikongoja nikapanda nyuma, nikaketi upande wa kichwa cha mke mwenzangu, nikaingiza mkono chini ya turubai kuutafuta mkono wake. Tangu niolewe nilimwita dada. Pale nikamwita jina.

"Nopoko."

Dabire akaja na daftari. Hakuna gari linalopita kamba bila kuandikwa. Akaandika namba ya gari. Akaandika jina la dereva na saa. Akafika mstari wa mwisho, akamtazama Zerbo, akamtazama Nopoko na kuku wake, kisha akaniinulia macho mimi, kalamu imegusa karatasi.

"Maiti wangapi, bibi?"